Chui Aliyemtazama Mama

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa kibuyu kidogo cha maji, nyumbani kwetu chini ya miamba ya Manga chui hakutajwa kwa jina. Nyanya alimwita omogeni, yaani mgeni, kwa sababu ndiye mnyama wa ukoo wetu. Hatukumwinda, na aliyekuta mzoga wake njiani aliufunika kwa majani.

Mwaka ule chui mmoja alikuwa akibeba mbuzi wa watu. Idara ya wanyama ikaleta mtego wa chuma, kizimba chenye mbuzi wa chambo ndani, wamkamate na kumpeleka hifadhini kabla hajachomwa mkuki. Akanaswa. Nyanya alimwonya mama, aliyekuwa na mimba kubwa, asiende kumtazama: aliyebeba mtoto wa ukoo akimwona mnyama wetu amefungwa, mtoto naye hufungwa tumboni. Mama alikuwa mwalimu. Alinishika mkono tukaenda.

Ukungu ulikuwa haujainuka. Dereva wa Landrova ya idara aliwatania wanawake walioolewa kwetu kwamba shemeji yao amekula mbuzi wa serikali bila kunawa, nao wakacheka. Mama aliposogea, kicheko kikaisha. Chui alikuwa amelala ameielekea miamba. Aligeuza kichwa polepole akamtazama mama, si usoni, bali tumboni. Hakunguruma, wala hakupepesa macho. Nakumbuka harufu pale, kama ya mahindi yanayokaangwa, na hapakuwa na moto popote.

Njiani mama aliweka kiganja tumboni, akakiondoa, akakirudisha. Kesho yake asubuhi nilimsikia akimwambia Nyanya, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto hajacheza tangu jana.

Nyanya hakumgombeza. "Mokamwana," alisema, kama alivyomwita mke wa mwanawe siku zote, "leo wanaondoka naye. Nenda ukamuage."

"Nikamuage mnyama, mama?"

"Uliingia kwake bila hodi. Sasa umwache aende hivihivi?"

Tulikuta kizimba kimeshapakiwa. Dereva alifungua kinywa atanie, akamwona mama usoni, akazima injini. Mama alivua leso yake, akaitandaza juu ya vyuma, upande wa kichwa, ili watu wasimtazame tena. Kisha akasema kwa Kikisii, jinsi mtu anavyomsindikiza jamaa, "Genda buya." Nenda salama.

Gari likaondoka na leso. Halijafika konani, mama aliukamata mkono wangu akaubana tumboni pake. Nikasikia teke.

Ndugu yangu alizaliwa mzima, na sasa yuko sekondari. Chuoni nilisoma habari za wanyama, na nimejifunza pia kwamba mtoto tumboni huwa na saa zake za kutulia. Nakubali. Harufu ile nayo ni mkojo wa chui, basi. Lakini tangu siku ile sijasikia chui mwingine akionekana Manga.

Mume wangu anataka Jumapili hii twende kuwaona wanyama waliofungiwa, chui akiwemo, karibu na lango la hifadhi, hapa Nairobi. Nina mimba. Nimemwambia barabara ni mbaya. Akacheka, akasema barabara ni lami tupu hadi langoni. Nikamwambia hata hivyo, siendi.

Ameniuliza kama ninaamini mambo ya Nyanya. Sijui. Nyanya tulishamzika, na hapa mjini sina wa kunielekeza la kufanya, mtoto akinyamaza.