Mchicha Ulionawiri Kando ya Karakana

Mama Ndoo anachuchumaa mbele ya mche wa mchicha, analigeuza jani, anaguna. "Huyu jana alikuwa mzima," anasema, kama muuguzi wodini.

Jina hilo amepewa na wenzake kwenye banda la utafiti wa mimea, anakofanya kazi ya kumwagilia. Miche yote imo ndani ya ndoo: safu moja udongo wake umetiwa madini ya risasi, nyingine kadimi, madini mengine yenye sumu, ya mwisho yote mawili.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayomkosesha raha. Kwenye risasi peke yake, miche imedumaa kidogo. Kwenye kadimi, majani yamekuwa manjano. Madini hayo yalipochanganywa, mizizi imebaki vijiti vifupi vyeusi.

"Mtafiti aliniambia kuna mmea ambao ndani yake madini haya huyazuia yale yasiingie, na kuna ambao huyafungulia mlango," anasimulia akicheka. "Nikasema, hee, kumbe hata ardhini kuna fitina!"

Udadisi huo ukamfuata hadi nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa akilima mchicha nyuma ya nyumba, ubavuni mwa karakana ya zamani ya betri za magari, ambazo ndani huwa na risasi. Mama Ndoo alichota udongo, akachuma na majani, akamwomba mtafiti ampimie.

Hakuwa na wasiwasi, maana mchicha ule ulikuwa umenawiri. Lakini majibu yalionyesha risasi na kadimi, tena hadi kwenye majani.

"Mwanangu alikuwa akila mboga ile tangu aote meno," anasema.

Kumweleza mama mkwe ilikuwa shughuli nyingine.

"Mboga yangu sumu? Hebu itazame ilivyo!"

"Ndiyo maana naogopa, mama. Ingekuwa imenyauka tungeshaitupa zamani."

Mama mkwe aliingia bustanini, akang'oa tuta baada ya tuta, asitake msaada wa mtu.

Mtoto alipelekwa hospitali. Risasi ilikutwa kwenye damu, ingawa si nyingi. Alipopimwa tena miezi michache baadaye, ilikuwa imepungua.

"Bibi yake alilia siku hiyo, si siku ya kung'oa," anasema Mama Ndoo.

Sasa mboga zao zinaota kwenye magunia ya udongo ulioletwa kutoka mbali. Kwenye matuta ya zamani amepanda alizeti, si za kula. Anataka kuona zitanyonya madini kiasi gani kutoka udongoni.

Mtafiti amekubali kupima udongo wa majirani pia.

"Ukuta wa karakana ni mrefu, na kila nyumba ina bustani," anasema Mama Ndoo. "Jumamosi naanza kubisha hodi. Najua watanifukuza. Ndiyo maana nitaenda na mama mkwe."