Mwalimu wa Woga

Binti yangu wa mwisho alipotwambia kazi aliyoipata kule Matemwe, mimi nilisikia woga. Anafundisha woga hotelini. Nikamuuliza ni nani anayesafiri kutoka Ulaya kuja kufundishwa woga, na yeye mwenyewe kausomea wapi, maana nyumbani kwangu haukuwapo.

"Yoga, baba," akasema. "Yo-ga."

"Ndio hivyo. Unawafundisha wazungu woga."

Mama yake akacheka mpaka akashika meza. Nalitaja hili kwa sababu baada ya hapo alikaa miezi hacheki, na ninachokiandika ni habari ya miezi hiyo.

Mimi skuli nilikwenda kiasi cha kuandika jina langu na kusoma vibao vya maduka, kisha nikashika gari la hamali pale Darajani. Nimeshusha vitanda, makabati na mafriji katika ngazi za Mji Mkongwe ambazo wenye nyumba wenyewe huziteremka wakisoma dua. Leo nina duka Mlandege, nauza kamba, bawaba, vitasa na misumari, na nyumba ya ghorofa ninayokaa ni yangu. Sikupewa na mtu. Nasema hivyo ili ijulikane ni nani aliyelazwa juu ya mkeka wa mpira akaambiwa avute pumzi.

Mke wangu aliteleza ngazini. Maji yalikuwa yamemwagika, akayakanyaga, akavunjika mguu juu kidogo ya kifundo. Walimfunga plasta, wakaifungua, wakampiga picha, daktari akasema mfupa umeunga vizuri; safari zote hizo tulimbeba kwa kiti. Huko juu anatembea kama kawaida yake, jikoni, chooni, dirishani. Ila akifika kichwani mwa ngazi anashika kamba, anatazama chini, anageuka. Anasema kesho.

Ngazi zetu ni za kizamani. Zimesimama, zina kona katikati, na cha kujishikia ni kamba nene iliyofungwa juu ikateremka mpaka chini. Kamba ile niliibadilisha mwenyewe, nikatoa iliyo bora dukani. Haikusaidia.

Mwanangu mkubwa akaamua. Yeye kajenga Fuoni, nyumba ya chini, vyumba vipo. Akaja akakaa kitako, akasema Idi Kubwa ikipita analeta gari, tunahama sote wawili, na ghorofa tutaipangisha.

"Mama hawezi kufungiwa juu kama kasuku," akasema.

Mama yake alikuwa akichagua mchele. Akaendelea kuchagua mchele. Lakini mimi namjua. Tangu nimuoe, alasiri hukaa barazani kwetu na wenziwe, na hapo ndipo anapojua nani kazaa na nani kaachwa. Ukimpeleka Fuoni unampeleka pahala asipomjua hata paka. Kwa hivyo mambo yalikuwa hivi: akiteremka kwa miguu yake kabla ya Idi, tunabaki. Asipoteremka, tunahama.

Mimi nilikuwa na njia yangu ya kumsaidia. Kila asubuhi nikienda dukani nilisimama chini ya ngazi nikaita: "Teremka! Mguu ushapona! Unaogopa nini?" Sauti yangu ni ya hamali, haikai ndani ya nyumba. Jirani wa mbele yetu, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alikuwa akifungua dirisha na kuuliza kama kuna moto.

Masika yalipokaza hoteli ikafunga kwa msimu, binti akarudi nyumbani na mikeka yake ya mpira inayonuka kama tairi jipya. Akaitandika ukumbini, akasema atamfanyisha mama yake mazoezi. Kabla sijakubali nilikwenda kwa jirani kuuliza kama mambo yale ni ibada.

"Mzee mwenzangu, hii yoga ni ya kwenu?"

"Ya kwetu."

"Wewe unafanya?"

Akajipiga tumbo, likacheza. "Unaliona hili? Hili linafanya yoga? Aliyekuwa akifanya ni baba yangu, kila asubuhi mpaka akafa."

"Ndiyo iliyomuua?"

"Kauawa na uzee. Mimi ntauawa na bajia."

Nikamuuliza tena habari ya ibada. Akafikiri. "Kwa baba yangu ilikuwa ibada. Kwa mkeo ni mguu tu. Mwache anyooshe mguu wake, bwana."

Nikaona ni maneno ya mtu mzima, nikarudi nyumbani nikaruhusu.

Binti hakumlaza mama yake mkekani. Alimkalisha juu ya kiti, akamwambia akanyage chini kwa nyayo zote mbili, afumbe macho, avute pumzi taratibu, aishushe taratibu zaidi.

"Na hilo nalo watu wanafundishwa?" nikasema. "Huyu kavuta pumzi tangu kuzaliwa, hajakosea hata mara moja."

"Baba, njoo na wewe."

"Mie sikuvunjika mguu."

"Njoo tu."

Akanilaza chali, mikono pembeni, viganja vikitazama dari. Akasema pozi hii inaitwa maiti. Nikamwambia mie sijafa. Akasema nijaribu. Nikajaribu, nikaja kuamshwa na adhana ya alasiri. Baadaye nikaambiwa hiyo ndiyo pozi inayowashinda watu kuliko zote, wapo wanaohangaika nayo miaka. Mimi niliipata siku ya kwanza.

Tukaendelea hivyo. Mke wangu akaweza kusimama kwa mguu mmoja ameshika kitasa cha mlango, kisha akaweza bila ya kitasa. Mimi goti langu la kulia lilipigwa na friji zamani na halikunji vizuri, kwa hivyo binti aliniwekea mto. Habari ikafika kwenye kahawa.

"Tunasikia mtu mzima unafundishwa woga," wakanambia wenzangu.

"Naam," nikasema. "Nyinyi hamna haja, wenu ni wa kuzaliwa."

Lakini ngazi ilikuwa pale pale. Anasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akifika kichwani mwa ngazi anageuka. Na mimi asubuhi naita kama kawaida yangu.

Siku moja nilipomaliza kuita, binti akateremka, akaufunga mlango wa nje niliokwisha kuufungua.

"Baba, nshakutafutia pozi yako."

"Ipi?"

"Kunyamaza."

Nikadhani ananitania. Akasema katika yoga jambo la kwanza, kabla mtu hajanyoosha hata kidole, ni kutomuumiza kiumbe. Nikamwambia mama yake sijapata kumwinulia mkono, apande akamuulize.

"Najua. Mie nasema mdomo."

"Namhimiza."

"Ulipokuwa hamali, ukishusha kabati, ulikuwa ukilipigia kelele?"

Nikacheka. Mtoto huyu kasoma lakini hajui kazi. Kelele ni za njiani, "simile, simile," ili watu wapishe. Ngazini ni mambo mengine. Aliye chini huteremka kinyumenyume, uso kauelekeza kwenye mzigo. Mwendo anaamua aliye juu, maana yeye mzigo unamziba, haoni anapokanyaga. Aliye chini akipaza sauti, wa juu anashtuka, na wa juu akishtuka kabati linamfuata wa chini. Unakwenda kimya, unamtazama usoni. Nikamweleza yote hayo kwa urefu, kwa sababu ni kazi ninayoijua. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Basi ndio hivyo hivyo," akasema, akapanda zake juu.

Nikanyamaza. Asubuhi iliyofuata nilipita chini ya ngazi na kifua kimejaa kama niliyemeza mkate wa boflo mzima. Nilipotoka nje dirisha la jirani lilikuwa wazi, yeye kichwa nje.

"Vipi, leo hakuna moto?"

"Hakuna."

"Bibi mzima?"

"Mzima."

"Na wewe?"

"Nafanya yoga."

Akafunga dirisha.

Kunyamaza ni kazi nzito, na yanishangaza kwamba hotelini hawaifundishi. Mtu akikunja mgongo, wenziwe wanamwona wanamsifu. Akinyamaza, wanadhani ana homa. Mke wangu mwenyewe alidhani nimenuna.

"Bwana, nimekukosea nini?" akaniuliza kwenye chai.

"Hujanikosea. Mazoezi."

Akakoroga chai yake, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Mie ngazi siziogopi sana," akasema. "Naogopa nikifika pale kwenye kona, halafu wewe unikemee. Ntaachia kamba."

Nilikuwa na mengi ya kusema hapo. Nikammiminia chai nyingine.

Siku ya Arafa, kesho yake ndiyo Idi, baada ya alasiri, mke wangu alitoka chumbani amevaa buibui. Hakusema anakwenda wapi. Mtu aliye ndani ya nyumba yake havai buibui, kwa hivyo binti akasimama nyuma yake, na mimi nikapita mbele, nikashuka vidato vichache vya ngazi, nikageuka nikamtazama.

Akashika kamba, akashusha mguu uliovunjika, akaufuatisha mwenzake. Mimi nikarudi nyuma, goti likilia. Akashuka tena. Nilimwacha aamue mwendo. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona akasimama. Kamba ikaanza kutetemeka, na mtetemeko ule nikausikia mkononi mwangu, maana nami nilikuwa nimeishika. Akatazama juu alikotoka. Nikajua akigeuka hapo, gari la Fuoni limefika.

Neno "teremka" lilinijia mpaka kwenye meno. Nikavuta pumzi kama nilivyoonyeshwa, nikaishusha taratibu zaidi. Neno likarudi.

"Sema kitu basi," akasema. "Umenikodolea macho kama fundi saa."

Sasa niseme nini? Maneno yangu yote yalikuwa yamepigwa marufuku. Nikasema moja lililobaki, tena kwa sauti ndogo.

"Simile."

Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha siku ya meza, ameikumbatia kamba kwa mikono miwili, na mimi nimemwekea mikono tayari isiyomgusa.

"Mie punda?" akasema. "Mie gunia la mbatata?"

"Kabati," nikasema. "La mninga."

"Haya nipishe basi."

Akakata kona. Alipofika chini hakunisubiri. Akafungua mlango, akakaa barazani pahala pake, akanyoosha buibui lake. Dirisha la jirani wa mbele likafunguka.

"Bibi! Umeshuka!"

"Nimeshuka," akasema. "Enhe, nani kazaa?"

Idi ikapita, mwanangu akaja na gari kama alivyoahidi. Akamkuta mama yake barazani kazungukwa na wenziwe.

"Mama! Nani kakuteremsha?"

"Nimejiteremsha."

"Gari nshaleta."

"Gari la nini?"

Akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa bado katika pozi yangu.

Ili gari lisirudi tupu, mama yake akasema achukue lile kabati kubwa la chumba cha nyuma, mkewe alikuwa akilitamani siku nyingi. Mwanangu akashika juu, mimi nikashika chini. Watu wakasema niache, mzee mimi. Sikuwasikiliza. Tulipofika kwenye kona, jasho likamtoka mwanangu, macho yakamtoka pia.

"Baba, hapa halipiti! Baba!"

"Vuta pumzi," nikamwambia.

"Nini?"

"Vuta. Sasa shusha."

Kabati likapita. Nje, mama yake alikuwa amesimama katikati ya njia akiwatawanya watu, "Simile! Simile!" kwa sauti iliyofika Darajani. Hapo sikumkataza. Hapo ni njiani, na njiani kelele zinaruhusiwa.