Marufuku Kupaki Paris

Kama uliwahi kufika Kasulu mjini miaka hiyo, ukateremka barabara ya sokoni, usiniambie hukuuona ukuta wa Nestori. Hukuuona vipi? Ulikuwa na urefu wa hatua ishirini na tano, na dunia nzima ilikuwa imejipanga pale. Kushoto Mnara wa Eifeli wa Paris, kisha piramidi tatu za Misri na ngamia mmoja, kisha lile kaburi jeupe la Taj Mahal, kisha mnara wa Pisa, na mwisho kabisa, kwenye kona ya kulia, kipande cha anga la usiku chenye nyota.

Nestori alikuwa mpiga picha. Chumba chake kilikuwa kidogo, na umeme wa Kasulu siku hizo, wewe acha tu, ulikuwa unakuja kusalimia na kuondoka. Kwa hiyo alipiga picha nje, kwa jua la Mungu, mteja akiwa amesimama mbele ya ukuta. "Haya, leo tunasafiri kwenda wapi?" ndivyo alivyomuuliza kila mtu. Mteja akishachagua nchi anapewa koti na miwani ya jua, anapigwa picha, na umeme ukirudi picha inachapwa. Kulikuwa na watu Kasulu ile ambao hawajawahi kuvuka mto Malagarasi lakini Misri wamefika mara tatu.

Michoro karibu yote aliichora mwenyewe, akinakili kwenye kalenda na vitabu vya jiografia alivyoazimwa na Mwalimu Ghati, mama mmoja wa Tarime aliyekuwa akifundisha sekondari. Mwalimu huyo ndiye aliyemwambia kwamba mnara wa Pisa amekosea, ameuchora umenyooka wakati wenyewe umeinama.

"Umeinama? Umeinamaje?" Nestori alihamaki.

"Msingi ulititia, Mzee Nestori. Ndiyo sifa yake. Watu wanapanda ndege kwenda kuangalia ulivyoinama."

"Hapa Kasulu fundi akijenga namna hiyo anafukuzwa kwa mawe. Sichori aibu ya fundi mwenzangu, mwalimu. Kwangu mimi utasimama wima."

Na ukasimama wima. Mbishi yule! Ukimwambia jua limetua atatoka nje kwanza ahakikishe.

Sasa, ile kona ya usiku. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuichagua. Ukimwonyesha mtu anakushangaa: "Nipigwe picha gizani, mimi mchawi?" Wote walikuwa wanaikimbilia Paris. Katika miaka sita Nestori hakupiga hata picha moja upande ule, na wala hakuwahi kujali, kwa sababu kona ile haikuwa ya biashara. Ilikuwa ya mkewe, Winifrida.

Ilikuwa mwaka 2009, wakimalizia ukuta. Nestori alikuwa ameshapaka ile rangi ya bluu nzito ya usiku, ameshika brashi achore nyota za pembe tano, zile za kwenye madaftari. Winifrida aliyekuwa amemshikia kopo akamzuia.

"Nyota gani hiyo? Umeiona wapi nyota yenye pembe?"

Akachovya kidole gumba kwenye rangi nyeupe, akaanza kubonyeza ukutani, moja moja bila haraka, vile nyota zinavyoonekana kutoka uani kwao Busunzu, kule Kibondo alikokulia. Kilimia, kile kikundi cha nyota, akakibonyeza kwa kukibananisha, vidoa sita vimeshikamana. Gumba lake lilikuwa na kovu, alijikata na mundu utotoni, kwa hiyo kila nyota ilikuwa na mstari mwembamba katikati. Nestori alicheka siku ile mpaka akakaa chini.

"Umelitia anga dole gumba! Kama mtu anayechukua mbolea ya ruzuku!"

"Nimelisainia," Winifrida akamjibu. "Kuanzia leo ni langu."

Miaka miwili baadaye presha ilimchukua. Na utaniambia mke wa mpiga picha ana picha ngapi? Mbili. Moja amefumba macho. Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Nestori alipita kwenye ile kona, akaweka gumba lake juu ya nyota mojawapo, akasema kwa Kiha, "Mwakeye," kama ulivyokuwa utaratibu wao wa kuamkiana. Kisha akaenda zake kazini. Hakumwambia mtu. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mwenye mvi zake, utamweleza nani kwamba unaamkiana na ukuta?

Mwaka 2015, kuanzia mwezi wa tano, Warundi wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu kukimbilia kambi ya Nyarugusu. Nyuma yao yakaja mashirika, na mashirika yakaja na magari. Na wakimbizi Nestori hakuwa na neno nao, lugha yao na yake ni mtu na ndugu yake. Ugomvi wake ulikuwa na magari. Landikruza nyeupe, antena ndefu mbele! Mji ambao msongamano wake ulikuwa mbuzi na baiskeli za ndizi, ghafla ukakosa mahali pa kupaki gari. Shirika moja likapanga nyumba ya jirani yake, ua ukajaa, na magari yaliyobaki yakaanza kupangwa kando ya barabara, mbele ya ukuta wake.

Tena yalipangwa kinyumenyume. Ndiyo ilikuwa sheria yao: gari liingie na matako, pua ielekee barabarani, ili likitokea la kutokea dereva awashe na kuondoka. Kasulu litokee nini? Lakini sheria ni sheria. Kila asubuhi madereva waliwasha injini, wakaziacha zinaunguruma nusu saa nzima huku wakiitana kwenye redio, na moshi wote wa dizeli unaingia Misri.

Alijaribu kufanya kazi hivyohivyo. Kijana mmoja, Majaliwa, fundi baiskeli, alitaka picha ya Paris amtumie mchumba wake wa Kakonko, maana alishamdanganya kwamba yeye amesafiri. Nestori akamsimamisha kwenye upenyo kati ya magari mawili. Picha ilivyotoka, Mnara wa Eifeli ulikuwa umebeba tairi la akiba la juu ya gari, na pembeni namba za gari za Tanzania zinasomeka bila miwani. Majaliwa aliituma, ikarudishwa, akaja nayo amekasirika.

"Mzee, ameniuliza Paris nako wanatumia namba za kwetu!"

"Mwambie ni gari la ubalozi," Nestori akasema, lakini hakucheka hata yeye mwenyewe.

Akaandika kibao: TAFADHALI USIPAKI HAPA. Wakapaki. Akaandika kingine kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUPAKI PARIS. Madereva walikipenda sana, wakawa wanapiga nacho picha kwa simu zao. Akaenda kulalamika kwa wakubwa wa mtaa, akaambiwa ukuta ni wake ila barabara si yake. Mwishowe akasomba mawe mawili makubwa akayaweka pale usiku ili gari lisiingie. Asubuhi akakuta Landikruza imeingia vilevile, na yale mawe yameegemezwa nyuma ya matairi, maana mahali pale pana mteremko. Dereva, Nurudini, mtu wa Tanga mwenye maneno matamu, akamshukuru kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee wangu! Umetufikiria. Tulikuwa tunatafuta mawe ya kuzuia gari, ofisini wametusumbua wiki nzima."

Mwambie nini mtu kama huyo?

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Nestori alipoweka gumba kwenye nyota, kidole kilirudi cheusi. Akasogea, akaangalia. Gari la mwisho kwenye mstari lilikuwa linapakiwa hapo kila siku, na bomba lake la moshi lilikuwa limeelekea Kilimia. Masizi yalikuwa yameshashika nusu ya anga. Akachukua kitambaa cha maji na sabuni, akafuta nyota moja polepole. Masizi yakatoka. Na nyota nayo ikatoka, imebanduka yote, ikabaki kwenye kitambaa kama ganda la yai.

Alikaa chini na kile kitambaa mkononi. Paris angeichora tena hata kesho. Ngamia angemchora amefumba macho. Lakini zile nyota haziwezi kuchorwa na mtu yeyote aliye hai, na akizifuta zinatoka, na akiziacha zinazama kwenye masizi. Akainuka kwa hasira, akaenda kumkabili Nurudini aliyekuwa anapangusa kioo.

"Toa gari!"

"Mzee wangu, kuna..."

"Toa gari nimesema! Nyinyi watu hamna adabu? Mnakuja kwa watu mnaelekeza matako ya magari yenu kwenye kuta zao, mnawasha moshi, mnacheka! Toa!"

Nurudini aliliondoa. Kisha akarudi kwa miguu, ameshika kofia, bila utani safari hii.

"Mzee Nestori, nisamehe. Lakini niambie ukweli, tatizo hasa ni nini? Kama ni nafasi tujue, kama ni kelele tujue. Niambie mimi, nitawaambia wenzangu."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Kijana amesimama, amesikiliza, ameuliza kwa heshima. Nestori akafungua mdomo. Aseme nini, kwamba mke wangu alibonyeza gumba pale? Huyu atakwenda kulisimulia kijiweni. Aibu ikamshika.

"Rangi," akasema. "Mnaniharibia rangi. Unajua rangi inavyopatikana kwa shida? Ukuta wote umechakaa kwa ajili yenu. Rangi, basi!"

"Rangi," Nurudini akarudia, akitikisa kichwa kama mtu anayeweka jambo moyoni. "Nimekuelewa, mzee."

Na kweli kesho yake hakukuwa na gari kwenye ile kona. Nestori alishangaa. Wiki ile ile shemeji yake alimwita Busunzu akapige picha za kipaimara, na akaenda moyo umetulia kidogo, akalala siku tatu kwa wakwe. Njia nzima ya kurudi alikuwa anafikiria namna ya kuokoa nyota. Mwalimu Ghati alikuwa amewahi kumwambia kwamba masizi yanaweza kutolewa kwa mkate laini, unagusisha tu bila kusugua. Alinunua boflo Kibondo. Alilipakata kwenye basi lisipondeke.

Aliposhuka Kasulu ilikuwa saa nne asubuhi. Kwa mbali akaona mbele ya ukuta hakuna gari hata moja. Halafu akaona madereva sita wamesimama na soda mkononi, Nurudini katikati yao. Halafu akaona ukuta.

Ulikuwa unang'aa. Mnara wa Eifeli ulikuwa na taa. Ngamia wamekuwa watatu. Mnara wa Pisa umeinama.

"Mzee wetu! Umeona?" Nurudini alimpokea begi. "Madereva wote tumechanga, tumemleta fundi wa michoro kutoka Kigoma, amefanya kazi siku mbili hakulala. Rangi ya mafuta hii, haiharibiki kwa moshi wala mvua. Ulituambia rangi, tukasema huyu mzee tumemkosea, lazima tumtoe machozi ya furaha."

Nestori alitembea mpaka kwenye kona. Anga lilikuwa jeusi tii, na nyota zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa mistari, zote saizi moja, zote zina pembe tano.

"Hapo ndipo palikuwa na kazi," Nurudini akaendelea nyuma yake. "Palikuwa na alama alama za vidole za watu, chafu, na masizi. Tumepakwangua pote kwa msasa mpaka kwenye saruji. Hakikubaki hata kidoa, mzee."

Nestori akainua gumba, akaliweka juu ya nyota. Rangi haikuwa imekauka vizuri. Alilitazama gumba lake jeupe. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika yule kijana ukosi amtikise mpaka meno yaanguke. Lakini alikuwa ameulizwa, ana kwa ana, na alikuwa amejibu kwa mdomo wake mwenyewe. Rangi, alisema. Na sasa rangi hii hapa.

"Asanteni," akasema. Akarudia. "Asanteni, wanangu."

Madereva wakapiga makofi. Nurudini akaweka mkono kifuani.

"Na hapa hatupaki tena, mzee. Tumekubaliana. Magari yanakwenda nyuma ya soko, tutatembea kwa miguu. Hata moshi hautafika."

Nestori alikwenda kwenye kile kibao chake chekundu, ambacho sasa hakikuwa na cha kulinda, akakishika, akaking'oa ardhini. Kilikuwa kimezama sana, ikabidi akitikise mara tatu.

"Yarudisheni," akasema.

"Nini, mzee?"

"Magari. Yarudisheni. Pakini hapa hapa, kwenye hii kona. Kinyumenyume, kama sheria yenu inavyosema."

Nurudini akacheka kwa nguvu, akawageukia wenzake. "Mzee Nestori kwa utani!"

"Sitanii," Nestori akasema. Akamkabidhi boflo, kwa kuwa alikuwa bado amelishika, akaingia ndani na kibao chake.