Senti Kumi za Mtani

Wanaosema kwamba sisi wakaguzi wa bei wa Tabora tuliwaonea wenye maduka hawajawahi kusoma taarifa zetu. Mimi niliziandika. Moja ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu.

Siku zile za Ujamaa, walimu na watumishi waliosubiri mshahara walinunua kwa cheti chenye muhuri wa ofisi. Mwisho wa mwezi ofisi ilimlipa mwenye duka. Baadhi ya maduka yalitoza zaidi kwa cheti kuliko kwa taslimu. Serikali ikakataza: atakayeongeza hata senti moja atanyang'anywa leseni.

Nilianzia kwa mama mjane, Mnyamwezi, aliyeuza sukari na khanga karibu na stesheni. Nilimwamkia, nikamuuliza kama huongeza chochote kwenye cheti. Akaniuliza kabila langu. Nikasema Mzaramo.

"Basi kwa Mzaramo naongeza senti kumi. Babu zangu waliwabebea mizigo mpaka pwani, na ujira haujaisha kulipwa."

Wateja wakacheka. Mimi nikaandika: amekiri kuongeza senti kumi. Tangu utotoni nilijua kuwa Wanyamwezi ni watani wetu toka enzi za misafara. Nilidhani tu kwamba utani huishia mlangoni pa kazi.

Leseni yake ikazuiwa. Nikavipekua vyeti vyake vyote vilivyokuwa ofisini: bei ile ile ya taslimu. Nilipomwendea hakunilaumu. Alinipa kigoda, akanieleza kuwa akipandisha bei wateja watahamia kwa jirani kabla chai haijachemka. Jirani huyo alimkagua kila siku bila posho. Kisha akauliza, taratibu, kama nadhani atafungua tena, maana duka lile ndilo lililosomesha wanawe.

Nilimweleza mkuu wangu kuwa yale yalikuwa maneno ya utani.

"Serikali haina mtani," akajibu.

Hasira ile ninayo hadi leo. Sikufuta neno, kwa kuwa taarifa haifutwi. Niliandika kosa langu chini yake, nikatia sahihi, nikaambatisha vyeti. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Yeye alirudishiwa leseni.

Tangu hapo, kila niliponunua kwake alinidai senti kumi, nami kila mara nilikataa. Alipofariki, nilisimama mlangoni nikalizuia jeneza, kama mtani apaswavyo, mpaka wanawe wakanipa sarafu nipishe njia. Nikatenga senti kumi, nikaziweka juu ya jeneza.

"Zako hizi, mama. Sasa nipe stakabadhi."