Wadau wa Bunda Waliafiki Lini?

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya biashara mjini Musoma nilikabidhiwa muhuri, pedi ya wino na onyo. "Kijana," Afisa Biashara aliniambia, "ukigonga hapa, umeapa." Karatasi zenyewe ziliitwa vyeti vya uasili. Zilithibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa hapa nchini, ili nchi wenzetu katika umoja wa soko zisiitoze ushuru kamili. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa Murangi, na kwetu kiapo si mchezo. Sikugonga cheti bila kwenda kuona mzigo kwa macho yangu.

Ndivyo nilivyomfahamu Mama Nyangeta wa Bunda, mwenye mashine ya kukamua mbegu za pamba. Mafuta aliuza hapahapa. Mashudu, yaani makapi yanayobaki, aliyavusha mpakani kwenda kulisha ng'ombe wa maziwa wa nchi jirani. Nusu ya mtaa wake ilikula kwa mashine ile.

Kisha nikasikia redioni kwamba nchi inajitoa kwenye umoja. Redioni, mimi mwenye muhuri! Sikatai, sababu zilikuwepo. Viwanda vyetu vichanga vilikuwa vinazidiwa. Lakini ukishatoka, kesho yake unafanya nini? Njia zilikuwa tatu: kupatana na jirani mmojammoja, kulinda viwanda vya ndani kwa ushuru, au kumfungulia mlango kila mtu. Waraka wa wizara ukatuagiza tukusanye maoni ya wadau, yaani watu wanaoguswa na jambo. Nikaomba gari la kwenda Bunda na Butiama. Mkuu wa Kitengo, aliyehamia kwetu karibuni, akacheka.

"Mafuta ya gari hakuna. Andika wadau wameafiki."

"Wameafiki nini, mzee? Hatujawauliza."

"Kufungua mlango. Kwani watakataa? Ripoti inatakiwa kesho."

Nikaandika, nikagonga na muhuri. Hasira mnayoisoma humu, sehemu kubwa ni dhidi yangu mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Mafuta ya kula ya nchi za mbali yakajaa madukani kwa bei ambayo Mama Nyangeta hakuiweza. Mashudu yake nayo yakarudishwa mpakani, kwa kuwa cheti changu hakikuwa na nguvu tena. Akaja ofisini na nakala ya ripoti aliyopewa na diwani.

"Afisa, hapa mmeandika wadau wa Bunda tuliafiki. Mimi nilikuwaga kwenye mashine kila siku. Mlikuja lini?"

Mkuu wa Kitengo akamwambia alete malalamiko kwa maandishi. Kwa maandishi! Nami nikaifunika pedi ya wino, nikaitia kwenye droo.

Baadaye nilihamishiwa Butiama, nikastaafu, nikajenga Bweri, hapahapa Musoma. Kila nikisikia mtaalamu akitamba kwamba wadau wameshirikishwa, damu inanichemka. Hatimaye juzi nilikwenda Bunda. Nilimkuta Mama Nyangeta kwenye mlango wa jengo lililokuwa la mashine yake, akiuza kwa vipimo mafuta yaleyale ya ng'ambo. Nikamwuliza kile nilichopaswa kumwuliza siku ile: tushike njia ipi?

Hakufikiri hata kidogo. "Mpatane na jirani kwanza, ndipo mtoke. Mtu anabomoaga nyumba hajajenga nyingine?"

Akafunika ndoo, akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama.

"Sasa hilo, afisa, lilikuwa linahitaji gari? Basi la Bunda lilikuwepo kila siku."