Mama Skurubu na Siku ya Mita

Mama mkwe wangu huongea na skurubu mdomoni. Hata akikusalimia, anakusalimia kwa pembe moja ya midomo, na pembe ya pili amebana skurubu mbili tatu kama fundi nguo anavyobana pini. Ndiyo maana wenye mashine wa kanda nzima wanamwita Mama Skurubu. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu.

Kazi yake ni mashine za michezo, zile za kutumbukiza sarafu. Ana farasi wawili wa kutikisa watoto kwenye lango la duka kubwa, meza za biliadi kwa vinyozi na wauza vinywaji, na mashine moja ya mkono wa chuma unaonyakua vidoli, ambayo watoto huitukana na wazee huinyemelea wakidhani hakuna anayewaona. Marehemu mumewe alimwachia mashine hizo zikiwa nusu mbovu. Leo ukimkabidhi mashine iliyokufa, ataizunguka mara moja, ataitekenya kwa bisibisi, na itaanza kupiga muziki kabla hujamaliza kueleza tatizo.

Lakini kama angekuwa fundi tu, nisingejisumbua kuandika habari zake. Mama Skurubu ndiye redio ya wenye mashine. Kila Jumatatu asubuhi hutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi lao la simu, nao huusikiliza wakiwa njiani kuzungukia mashine zao. Nani kaoa, nani kalazwa, nani kahamisha meza yake bila kumuaga mwenye baa. "Bwana wa mapikipiki ya watoto amepata mapacha, wote wazima, anaomba msimpigie kabla ya saa nne kwa sababu hajalala tangu wiki iliyopita. Yule wa masanduku ya muziki amevunja uchumba kwa mara ya pili. Suti mlizoshona zitunzeni, huenda akaposa tena." Hatii chumvi, ila pilipili anaimwaga.

Sasa, mwaka uliopita meza ya biliadi ilimteleza akiishusha ngazini, ikamwangukia mguuni. Alikaa chini peke yake karibu asubuhi nzima mpaka jirani alipopita. Mume wangu, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, alirudi kutoka hospitali siku ile akiwa mweupe kama chaki. Yeye ni karani wa ofisi ya maji, mtu wa shati lililopigwa pasi, na siku zote husema mashine zile hazijui na hataki kuzijua.

"Mama uza," alimwambia. "Uza zote, uje ukae na sisi. Nitakukuta umekufa chini ya farasi siku moja, nitawaambia nini watu?"

"Utawaambia nilikufa nikiwa kazini."

Walivutana miezi. Mwishoni mama akatoa neno. Alikuwa anatengeneza mashine mpya kwa mikono yake, akamwambia mwanawe hivi: "Nipe Siku ya Mita moja tu. Mashine yangu ikishinda, utanyamaza mpaka nizeeke. Ikishindwa, nauza zote na nahamia kwenu." Wakapeana mikono mezani kwangu, na mimi nikiwa shahidi.

Nilikuwa katikati ya mioto miwili, sifichi. Nampenda mama mkwe wangu kuliko wengi wanavyowapenda wakwe zao, lakini nampenda akiwa kwake. Jiko langu ni dogo, na siku ya kwanza tu angelifungua jokofu langu kujua kwa nini linaguna. Hata hivyo si hilo lililonifanya nimwombee ashinde. Nilishamwona usoni anapoiwasha mashine ikakubali. Mtu wa namna hiyo ukimketisha sebuleni kutazama televisheni, unamzika akiwa hai.

Siku ya Mita ni sherehe ya chama chao. Kila mwaka wanakodi ukumbi mkubwa, kila mmoja analeta mashine yake bora, na umma unaruhusiwa kuingia na kucheza kwa sarafu zao wenyewe. Majaji hawana. Ndani ya kila mashine kuna mita ndogo inayohesabu kila sarafu iliyoingia. Asubuhi mwenyekiti anazirudisha zote kwenye sifuri, jioni anazisoma, na mita kubwa ndiyo mshindi. Sarafu haina mjomba, wanasema. Na mwenye mashine haruhusiwi kuisogelea yake mchana kutwa, kwa sababu zamani mmoja wao alikutwa anailisha mashine yake mwenyewe mpaka mfuko wa suruali ukatoboka. Wote wanakaa jukwaani. Mashine ikipata hitilafu, yeyote anayeiona anaweza kumwambia mwenyekiti, naye atakwenda na mwenye mali waifungue pamoja. Zawadi ya mwaka ule ilikuwa nafasi mlangoni mwa ukumbi wa abiria wa stendi kuu, mahali ambapo watu hawana la kufanya ila kusubiri basi na kuchezea sarafu mfukoni.

Mashine ya mama iliitwa Kipa. Ni mwanasesere wa mbao mwenye glavu nyekundu, anayerukia kushoto na kulia kwa mota iliyong'olewa kwenye mashine ya kufulia. Wewe unavuta mkono wa chuma, mguu mdogo unapiga mpira. Ukikosa, Kipa anatikisa kiuno kukukejeli. Ukifunga, taa zinawaka na Kipa anajishika kichwa kama amefiwa. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku hiyo mama alifika ukumbini alfajiri, akamjaribu Kipa, akamjaribu tena, akakaza hiki, akalegeza kile, mpaka mwenyekiti alipopiga filimbi ya kuwataka watoke. Akafunga kijimlango cha mashine, akapanda jukwaani. Kama kawaida ndiye aliyepewa kipaza sauti, na mimi nilikaa pembeni yake kumshikia maji na skurubu zake.

Milango ikafunguliwa. Jamani! Watu waliingia kama maji yaliyopasua bomba. Muziki huku, kengele kule, farasi wanatikisika, watoto wanapiga kelele, na mama juu ya jukwaa anatangaza: "Karibuni, karibuni! Pale kushoto ni mashine ya vidoli ya Kitambi, ambaye mnaona wenyewe kwa nini anaitwa hivyo. Binti yake ameolewa mwezi uliopita, mpeni hongera, msimpe chakula!" Kitambi, aliyeketi viti viwili kutoka kwetu, alicheka mpaka kiti kikalalamika. Yeye na mama ni washindani wa miaka yote, na hakuna anayemheshimu mama kama yeye.

Kufikia saa nne, foleni ya Kipa ilikuwa imefika ukutani. Saa sita ilikuwa imekunja kona. Vijana wa kazi za ujenzi, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akipiga penalti kwa hasira, mzee mwenye bakora aliyefunga akarusha bakora juu. Kila taa za Kipa zilipowaka, ukumbi mzima ulilipuka. Mama alinifinya paja mpaka nikapata alama.

"Unaona, mwanangu? Unaiona foleni ile?"

"Naiona, mama."

"Na mume wako anaiona?"

Mume wangu alikuwa chini, amesimama karibu kabisa na Kipa, mikono nyuma, kimya. Nilidhani anakubali yaishe. Hata Kitambi aliinuka akampa mama mkono. "Mama Skurubu, mwaka huu umetumaliza. Hata mimi ningekuwa mtoto ningepanga foleni pale."

Jioni milango ikafungwa, wakabaki wanachama na jamaa zao. Mwenyekiti akapita na tochi yake, mashine moja baada ya nyingine, akisoma kwa sauti. Ya Kitambi ilisoma mia sita na kitu, watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amesimama tayari, ameshatema skurubu zote ili aweze kucheka vizuri.

Mwenyekiti akafungua mlango wa Kipa. Akasoma, akafuta mita kwa kidole, akasoma tena.

"Kumi na tisa," alisema.

Kisha akaingiza tochi ndani zaidi, na sauti ikamtoka kwa huruma. "Mama Skurubu, umeacha swichi kwenye bure."

Kila mwenye mashine pale alijishika kinywa, kwa sababu hakuna ambaye halijampata. Unapoijaribu mashine unabonyeza swichi ndogo ya ndani ili icheze bila sarafu. Ukimaliza unairudisha. Ukisahau, mashine inamchezea kila mtu bure, na nani atakuja kukuambia kwamba anakula cha bure? Mchana kutwa watu walivuta mkono wa chuma wakacheza, wakarudi nyuma ya foleni, wakacheza tena. Wale kumi na tisa ni watu wa mazoea, walitumbukiza bila kuuliza.

Wengine wakaanza kusema foleni ihesabiwe, kila mtu aliiona, Kitambi mwenyewe akasema yuko tayari kumwachia nafasi. Mama akachukua kipaza sauti.

"Mita ndiyo mita," alisema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kitambi, njoo uchukue stendi yako kabla sijabadili mawazo." Akapiga makofi kuliko wote. Mimi nililia wazi wazi, sikujali.

Tulimpeleka kwake, akashuka. Gari lilipogeuka, mume wangu akasema, macho mbele: "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba iko kwenye bure. Tangu milango ilipofunguliwa."

Nilimwambia asimamishe gari, kisha nikamwambia aendelee, sikujua ninataka nini. "Mchana kutwa! Hatua tatu kutoka kwa mwenyekiti! Na mama yako juu pale ananifinya paja kwa furaha!"

"Nilitaka arudi nyumbani," alisema. "Kila simu ikilia nadhani ni ya mguu wake."

Hasira zangu zikachanganyika na huruma, na hapo ndipo ziliponizidi. "Mwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi." Aliitikia kwa kichwa, lakini Jumapili ikapita, akazunguka simu yake kama paka anayezunguka maji.

Jumatatu asubuhi tulikuwa jikoni, ujumbe wa mama ukaingia. Alianza kwa sauti ile ile ya siku zote. Mapacha sasa wanalala, baba yao bado. Wa masanduku ya muziki ameonekana tena na mchumba yule yule. "Siku ya Mita ameshinda Kitambi, kihalali, na mkimpita stendi mkacheze. Mama Skurubu aliacha swichi kwenye bure kwa uzembe wake mwenyewe, wa mtu mwingine haumo." Akapumua. "Sasa tangazo. Farasi wawili, meza za biliadi, mashine ya vidoli na Kipa, zote zinauzwa. Ahadi ni deni. Anayetaka aje wiki hii, na aje na watu wa kubeba."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Yeye yumo kwenye kundi lile tangu baba yake alipofariki na hajawahi kusema hata neno moja. Akashika simu, akabonyeza, akaongea wima kama mtoto anayejibu mbele ya darasa.

"Shikamooni wote. Mimi ni mtoto wa Mama Skurubu. Uzembe haukuwa wake peke yake. Nilijua tangu asubuhi kwamba swichi iko kwenye bure, nikanyamaza makusudi ili ashindwe. Ahadi aliyonipa nimeivunja mimi, yeye hadaiwi. Mashine haziuzwi. Samahani, Mama."

Akaiachia. Mara simu ikaanza kulia kama iliyopagawa. Kitambi aliandika kwamba mwaka ujao anamtaka Kipa mbele yake, mwenye sarafu, na kwamba kijana huyu achapwe. Mwingine akauliza bei ya farasi, akafukuzwa na kundi zima.

Halafu mama akapiga. Nilibonyeza sauti kubwa, nikijifanya ninaosha sufuria.

"Nani alikuruhusu kuingilia habari zangu?"

"Samahani, Mama."

"Umenidhalilisha mbele ya kanda. Na kabla ya hapo ulinisaliti." Sauti ilimtetemeka, na mume wangu akafumba macho. "Haya, niambie. Ulijuaje? Hukucheza. Nilikuwa nakutazama, hukugusa mashine."

"Mita haikuwa inalia. Sarafu ikiingia mita inapiga tik. Nilisimama pale, watu kumi wanacheza, tik moja tu, au haipo."

"Ndani ya ukumbi ule? Na kelele zile zote?"

"Ndiyo, Mama."

Nilizima bomba ili nisikie vizuri, nikadhani simu imekatika.

"Mimi mwenyewe nisingeisikia," alisema hatimaye. "Marehemu baba yako asingeisikia. Na wewe miaka yote unaniambia mashine hizi huzijui."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" nilipayuka kutoka kwenye sinki, sikuweza kujizuia.

"Mkwe, nyamaza, nitakufikia na wewe." Lakini tayari alikuwa anacheka, kicheko cha mtu ambaye bado ana machozi. "Sikiliza, bwana karani. Nimekukasirikia, na sitaacha leo wala kesho. Jumamosi asubuhi uje na viatu vigumu. Kipa anahamia kwa kinyozi wa sokoni."

"Kwa hiyo huuzi?" aliuliza mume wangu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Niuze ili iweje?" alisema mama, na nikasikia skurubu zikirudi mdomoni. "Nimeshapata mtu wa kushika upande wa pili."