Mashine namba nne, saa saba mchana: log niliyoamriwa kuichapa Ifakara

Wakuu, habari za muda huu. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Siku tatu sikupata usingizi kwa swali moja: log, yaani orodha ya seva ya walioingia internet, inataja mashine, haitaji mtu. Bosi akiisoma, atamfukuza nani?

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimetoka chuo, mradi mmoja wa afya pale Ifakara ukanipa kazi ya kusimamia network. Kompyuta sita, modem moja, laini ya simu moja. Mtu akiwa internet, simu haziingii. Kwa hiyo amri ilikuwa: mchana hakuna internet. Kuifunga kwenye seva nilifunga mimi.

Siku hiyo gari la mradi likakwama Chita, lina mgonjwa. Dereva akakimbilia simu ya stesheni ya treni, akapiga ofisini weee! Laini busy saa nzima.

Mgonjwa alipona, namshukuru Mungu. Lakini bosi alifura.

"Kijana, nichapie log. Mashine itakayoonekana, mwenyewe anaondoka Ijumaa."

Ikaonekana namba nne. Ya Dada Skola, sekretari.

Sasa wakuu, pale ofisini hakuna aliyekuwa ana-log out, yaani kufunga mashine yake akitoka. Kumfungia mwenzako mashine ilikuwa kama kumnyima kiti. Skola kila saa saba alipanda baiskeli kwenda Mlabani kunyonyesha mtoto, akaacha kila kitu wazi.

Aliyekuwa anakalia kile kiti akishatoka ni mimi, hata siku ile gari lilipokwama. Natafuta scholarship. Na upenyo wa namba nne kwenye seva niliuacha mwenyewe, nipate internet mchana.

Nikawaza kufuta ile mistari. Je, bosi akiona pengo? Nikawaza kusingizia virus. Nikawaza hadi kutorokea Michenga nikalime mpunga.

Alhamisi Skola akanikuta nimeduwaa.

"We bwana kompyuta, hata wali umekushinda? Kula mdogo wangu, ukianguka nani atatulinda?"

Hakujua lolote. Nikausogeza wali pembeni.

Nikachapa log nzima. Pembeni ya kila mstari wa namba nne nikaandika jina langu kwa peni. Nikagonga mlango.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Haya, ni nani?"

Nikamkabidhi karatasi, nikabaki nimesimama.

Ijumaa niliondoka mimi. Skola alibaki.

Tangu hapo, kila network ninayoisimamia, mashine ya kwanza kuibana ni yangu.

Ma-admin wa humu, nani amewahi kujikuta kwenye log yake mwenyewe? Ulifanyaje?